Mombasa, Unguja au Lamu: mji upi wa mawe kwa mwenye siku mbili tu

Ukiweka picha za miji hii mitatu mezani, mgeni atapata tabu kuitofautisha. Yote ina kuta za matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, vichochoro vyenye upana wa punda mmoja na bahari mwishoni mwa njia. Yote imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, mji wa Lamu tangu 2001, na kwa Mombasa ni Ngome ya Yesu, yaani Fort Jesus, tangu 2011. Tofauti utaiona ukiuliza swali moja kabla ya kukata tiketi: nikifika, ni wapi nitaruhusiwa kuingia ndani?

Tunauliza hivyo kwa sababu mji wa mawe ukitazamwa kwa nje pekee huchosha baada ya saa tatu. Jua ni kali, milango mingi imefungwa kwa kuwa ni nyumba za watu, na misikiti haitembelewi na kila mtu. Vyumba utakavyoviingia ndivyo vitakavyokufanya ukumbuke safari hiyo. Kwa kipimo hiki miji hii haifanani hata kidogo.

Ngome tatu, matumizi matatu

Tuanze na ngome, maana kila mji una yake na ndipo wengi wanapoanzia.

Ya Mombasa ndiyo kubwa na ndiyo yenye mengi ya kuona. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya jabali la matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale. Ukitazama mchoro wake kutoka juu unafanana na mtu aliyelala chali. Zile pembe nne zilizochomoza zina kazi: anayeshambulia ukuta wowote hupigwa kutoka pembeni, wala hapati mahali pa kujibanza. Panda kwenye pembe mojawapo, simama, ufuate kwa macho mistari ya kuta, nawe utaelewa kwa nini Waomani walilazimika kuizingira kwa miezi 33, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi ni kwamba kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 Wareno waliokuwa ndani walikuwa wamekwisha kufa. Aliyeishika ngome wakati huo ni Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na kundi dogo la Waafrika, wengi wao wanawake, hadi msaada ulipowasili kwa meli. Kwa hiyo historia ya ngome hii si ya Wareno na Waarabu peke yao.

Ya Unguja, Ngome Kongwe ya Forodhani, ilijengwa na Waomani baada ya 1698 mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kuta na minara yake ya duara ni mizuri, lakini ndani ni uwanja: maduka ya sanaa, mkahawa na jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia. Nusu saa inatosha. Siku za kawaida watu hupita bila tiketi. Wakati wa tamasha la Sauti za Busara, mwezi wa Februari, uwanja huo hulipiwa na hujaa watu.

Ya Lamu ilianza kujengwa mnamo 1813, baada ya vita vya Shela, na ikamalizika 1821. Ni ndogo, ya mraba, katikati ya mji, mbele ya kiwanja cha Mkunguni ambapo wazee hukaa kivulini na wachuuzi hupanga maembe. Ina ukumbi wa maonyesho, na ukipanda juu unayaona mapaa ya mji mzima. Kwa mpiga picha, juu ya ngome hii panashinda popote mjini.

Zote tatu zimewahi kuwa gereza. Ya Mombasa ilifunga watu kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960. Ya Lamu iliendelea kuwa gereza hadi 1984. Kwa hiyo ukiona vyumba vimekatwa vidogo au kuta zimetobolewa ovyo, usidhani ni kazi ya wajenzi wa kwanza.

Kwa anayefuata ngome tu, jibu ni Mombasa, bila mjadala.

Ndani kuna nini

*Mombasa.* Tenga saa mbili kamili kwa Fort Jesus. Utaratibu unaofaa ni huu: ingia mapema asubuhi, upande moja kwa moja kwenye kuta na pembe kabla jua halijawa kali, kwa sababu uwanja wa kati hauna kivuli cha maana, kisha, kuanzia saa nne, ingia kwenye kumbi. Wengi hufanya kinyume, wakajikuta wanapanda ngazi saa sita mchana na kukata tamaa nusu ya njia. Katika kumbi, usipite haraka vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Santo António de Tanna. Hii ni meli ya Kireno iliyozama 1697 mbele ya ngome wakati wa mzingiro ule ule, na wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Vyungu na vyombo vya mabaharia vilivyomo hapo vilikuwa vinakuja kuwaokoa watu waliokuwa ndani ya kuta hizo hizo unazozikanyaga. Tazama pia michoro waliyoiacha askari wa Kireno ukutani, na nyumba ya Waomani iliyo juu ya pembe mojawapo.

Ukitoka hapo, Mji wa Kale wa Mombasa ni wa kutembea tu. Ndia Kuu inaanzia ubavuni mwa ngome, na ndani ya saa moja umefika bandari ya kale na ngazi za Leven, ukapita msikiti wa Mandhry ambao unahesabiwa kuwa wa karibu 1570. Nyumba nyingi ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na roshani zake za mbao zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Zinapendeza, ila huziingii. Kwa hiyo Mombasa ni mji wa mlango mmoja mkubwa. Kwa mwenye nusu siku hiyo ni sifa. Kwa mwenye siku mbili nzima huenda ukawa upungufu.

*Unguja.* Hapa lazima tuseme wazi, kwa sababu vitabu vingi vya mwongozo bado vina habari za zamani. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho makuu ya mji, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Usipange safari ukiitegemea. Kwa jumba la kifalme lililo jirani yake, Beit al-Sahel, mwulize mwenyeji wako siku moja kabla kama liko wazi, usingoje kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Kinachobaki ni kizito kuliko vyote tunavyovilinganisha hapa: uwanja wa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa Juni 1873. Kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa juu yake ni kazi ya Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi na tafsiri nyingi za Kiswahili, na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu tano zilizofungwa minyororo shingoni, kazi ya Msweden Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Minyororo yenyewe ni ya kweli, ya enzi hizo.

Ziara ya hapo ina mpangilio ambao ukiukosea unapoteza nusu ya maana. Anza na chumba cha maonyesho chenye maelezo ukutani na usome yote. Usitoke kabla ya dakika 40. Kisha shuka kwenye vyumba vya chini. Vyumba hivyo vya dari fupi huelezwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri mnada. Jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na kwa hiyo wapo wanahistoria wanaotilia shaka maelezo hayo. Shaka hiyo haiondoi ukatili wa soko lenyewe. Mgeni anatakiwa tu kujua lipi ni ushahidi na lipi ni simulizi. Maliza na sanamu, kisha kanisa. Ukianza na kanisa utajikuta unatazama madirisha na nguzo huku hujajua umesimama wapi. Jihadhari na makundi makubwa yanayotoka mahoteli ya fukweni: mara nyingi hufika katikati ya asubuhi, na vyumba vya chini ni vidogo. Saa tatu asubuhi au baada ya saa nane mchana kuna nafasi ya kusimama na kuwaza.

Wenye watoto wadogo wafikirie kwanza. Kijana wa miaka 12 atayaelewa haya. Mtoto wa miaka sita ataogopa vile vyumba bila kujua ni kwa nini.

*Lamu.* Lamu haina mlango mkubwa kama wa Fort Jesus wala uzito wa Mkunazini, lakini ndiyo pekee inayokuingiza ndani ya nyumba ya Mswahili. Ile Nyumba ya Kiswahili, iliyohifadhiwa kama makumbusho, ni ndogo; asiyejua cha kutazama hutoka baada ya dakika kumi akidhani amemaliza. Tazama hivi. Nje kuna daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na mabaraza yake, hapo ndipo mgeni wa kiume husubiri. Njia ya kuingilia inakata kona, ili apitaye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Unafika kiwandani, uwanja wa ndani unaoleta mwanga na hewa. Kutoka hapo kuna misana miwili, yaani kumbi ndefu, wa tini (wa chini) na wa yuu (wa juu), mmoja nyuma ya mwingine, na kila ukisonga mbele sakafu inapanda kidogo na faragha inazidi. Nyuma ya misana ni ndani, chumba cha wenye nyumba, chenye zidaka, yale matundu ya nakshi za chokaa ukutani yaliyopangwa sahani na bakuli za Kichina. Mwisho kabisa ni nyumba ya kati, iliyotumika kwa uzazi na kwa kuoshea maiti. Yaani mtu alizaliwa na kuagwa kwenye chumba kile kile, cha ndani kuliko vyote.

Pima upana wa vyumba kwa hatua zako. Vyote ni virefu na vyembamba, karibu mita 3 au pungufu, kwa sababu dari ya mawe na chokaa inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Ukishalijua hili hapa, utalitambua Unguja na Mombasa pia. Ndilo pia linaloeleza kwa nini nyumba za kale huanguka: mwenye nyumba akipaka saruji juu ya chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, boriti inaoza ndani kwa ndani, na dari inakuja chini msimu wa masika.

Makumbusho ya Lamu, pale ufukweni, yana siwa mbili, yaani baragumu kubwa: ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Siwa zilipulizwa kwenye sherehe za wakubwa, na kwa ufundi wa mikono hakuna kitu katika miji hii mitatu kinachozizidi. Mahali padogo pa ziada ni ile Posta ya Wajerumani ya 1888, kutoka siku walipokuwa na himaya Witu. Dakika 20 zinatosha.

Milango na minara

Haya ni ya nje, na tutapita haraka. Kwa milango, Unguja inaongoza kwa wingi na ukubwa: ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na nakshi nzito ni ya mtindo wa Kiarabu, na ile yenye njumu za shaba na mbao zilizogawanyika vipande vipande ina asili ya Kihindi. Lamu bado ina mafundi wanaochonga mbele ya macho yako. Mwenye kupenda minara atafute ile michache yenye umbo la pia, kwa kuwa kila mji una wake: Mandhry Mombasa, msikiti wa Malindi hapo Unguja, na msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa 1829, ng'ambo kidogo ya mji wa Lamu.

Kufika

Mombasa ndiyo rahisi. Treni ya SGR kutoka Nairobi huchukua saa tano hadi sita, lakini stesheni iko Miritini, mbali na Mji wa Kale, na foleni ya kuingia kisiwani yaweza kukula saa nzima. Anayetoka Diani ahesabu pia muda wa kivuko cha Likoni. Asubuhi na jioni hujaa wafanyakazi.

Unguja, kutoka Dar es Salaam, ni boti ya karibu saa mbili. Fika bandarini saa moja kabla, ukiwa na kitambulisho chenye jina lile lile lililo kwenye tiketi. Asiye Mtanzania achukue pasipoti hata kama ameshagongewa muhuri Dar, kwa sababu Zanzibar ina ukaguzi wake wa uhamiaji. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mkondo huchafuka. Mwenye kichefuchefu apande boti ya asubuhi na akae katikati, sehemu ya chini, pasipoyumba sana.

Lamu ndiyo ngumu, na hapa siku mbili zinaanza kubana. Kwa ndege unashuka kisiwa cha Manda, kisha boti ya dakika chache hadi mjini. Kwa basi kutoka Mombasa unapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, ukisimama kwenye vizuizi vya ukaguzi, halafu boti. Safari hiyo inakula karibu mchana mzima, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa basi kunamaliza siku zako zote mbili. Kwa mwenye siku mbili, Lamu ni ya ndege. Vinginevyo ingoje upate siku nne. Pia angalia maelezo ya usalama wa barabara hiyo wiki ile ile unayosafiri, si ya mwaka jana.

Yanayoharibu ziara

Malipo kwanza. Makumbusho ya Kenya, yaani Fort Jesus na yale ya Lamu, hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa malipo ya mtandaoni. Simu isiyo na chaji au mtandao hukuacha mlangoni na noti zako mkononi. Viwango hutofautiana kati ya mwananchi, mkazi wa Afrika Mashariki na mgeni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho, la sivyo utatozwa cha juu.

Pili ni waongozaji wa nje ya lango. Wengi wanaijua kazi yao na wanastahili malipo mazuri, lakini patana bei kabla ya hatua ya kwanza, na mkubaliane ni kwa saa au kwa ziara, kwa mtu au kwa kundi. "Utanipa chochote" ndiyo kauli inayozaa ugomvi mwishoni.

Tatu, Ijumaa. Kuanzia saa sita mchana hadi saa nane maduka mengi hufungwa na watu wako msikitini. Panga mlo au mapumziko wakati huo. Ramadhani miji yote mitatu hulala mchana na kuamka usiku. Anayetaka makumbusho kwa utulivu ataupenda mwezi huo, anayetaka mahamri na mbaazi saa tatu asubuhi hataupenda. Lamu hujaa wageni wakati wa Maulidi, na bila nafasi iliyowekwa mapema utalala mbali na mji. Aprili na Mei mvua hufurisha vichochoro vya Unguja na Mombasa.

Nne ni maji, hasa Lamu. Njia ya miguu ya ufukweni kwenda Shela, kama kilomita 3, ni nzuri maji yakipwa. Yakijaa, na zaidi siku za bamvua, yanafika ukutani na utalowa hadi magotini. Uliza gatini saa ya kujaa kabla hujaanza kutembea.

Tungekuelekeza wapi

Una nusu siku au siku moja, na pengine uko na wanafunzi: Mombasa. Watoto wanaweza kukimbia juu ya kuta, na kuna jambo moja kubwa la kueleza na kulimaliza.

Una siku mbili na unataka kurudi na jambo la kufikiri: Unguja. Siku ya kwanza Mkunazini asubuhi, mchana pumzika, jioni Forodhani kwa urojo na mishkaki. Ya pili, vichochoro na milango, pamoja na soko la Darajani kabla ya saa tatu, wakati samaki bado ni wabichi na mnada haujaisha.

Unajua kuchonga, kujenga, kushona, au unataka tu kujua nyumba ya pwani ilikuwa na akili gani: Lamu, kwa ndege. Wengi wetu tungechagua hii, pamoja na gharama yake.

Ikitokea siku ya tatu, Mombasa inakupa magofu ya Gede, njia ya Malindi, ondoka alfajiri. Unguja inakupa Changuu na kobe wake wakubwa, safari fupi ya boti, afadhali asubuhi upepo haujaanza. Lamu inakupa magofu ya Takwa, upande wa pili wa kisiwa cha Manda, lakini mashua hupenya mkono wa mikoko maji yakiwa yamejaa tu. Patana na nahodha jioni iliyotangulia, na mwulize saa ya kurudi pamoja na ya kwenda, kwa sababu maji yakipwa mkiwa bado magofuni mtasubiri hapo hadi yajae tena.